Miavuli Iliyoota Pakavu

Watu wengi husifu harufu ya udongo ulioloa. Mvua ya kwanza ikidondoka utawaona wanavuta pumzi kwa nguvu, wanafumba macho, wanasema, ah, raha iliyoje. Mimi sivuti pumzi. Mimi huingia ndani nikafunga dirisha, na wajukuu wangu wamezoea kunicheka, eti bibi anaogopa mvua. Siogopi mvua, wala sina ugomvi nayo. Ni ile harufu tu, harufu ya tope bichi mahali ambapo pande zote kumekauka. Hiyo hunirudisha nyuma ya nyumba yetu ya zamani, alfajiri, nikiwa mtoto wa umri wa kung'oka meno, namwona mama yangu ameinama chini na kata ya maji mkononi. Basi leo nitaieleza habari yenyewe, maana waliokuwepo wamepungua sana, na mimi nikinyamaza itakuwa kama haikutokea.

Nilizaliwa miaka michache baada ya Uhuru, bondeni upande wa Zombo, kwenye nyumba iliyokuwa jirani mno na kijito. Masika yakikolea tulilala tukikisikia kinavyokoroma. Kandokando ya kijito hicho uliota mmea ambao jina lake la vitabuni silijui hadi leo. Ni ndugu wa mafunjo, ila mfupi, unamfika mtu mzima kifuani. Shina lake ni la kijani, laini, halina kifundo hata kimoja, na juu kabisa majani hutawanyika pande zote kama mbavu za mwavuli uliochanika kitambaa. Sisi tuliuita mwavuli, basi. Si mboga, si dawa, ng'ombe hawaupendi, na ukiufumia mkeka utakatikia mikononi. Kazi yake ni kupendeza tu. Mama aliupenda tangu usichana wake, na ndiye aliyenifundisha kuutunza: shina likigeuka manjano unalikata chini kabisa kwa kisu, huling'oi, mizizi unaifunika kwa tope, huiachi ipigwe na jua, na ukitaka mwingine, unakata kichwa chake na kukitumbukiza majini kikiwa kimepinduliwa, majani chini, kikonyo juu. Baada ya siku kadhaa mizizi myeupe huchipua katikati ya majani. Nilipoona mara ya kwanza nilipiga kelele. Mama akacheka, akasema, “Huyu ndivyo alivyo. Ukimpindua kichwa chini ndipo anapoanza kuishi.”

Mdogo wangu alizaliwa masika moja, akakaa siku chache, akaenda. Hakuwahi kupewa jina. Kwa desturi ya bibi zetu, kichanga wa namna hiyo hakupelekwa kwenye makaburi ya wakubwa wala hakuwekewa matanga. Wanawake walimbeba wenyewe, wakamlaza kwenye ardhi yenye unyevu kando ya kijito, ili huko aendako asipatwe na kiu. Mama alikuwa mtu wa kanisa, nyimbo zote alikuwa nazo kichwani, lakini kwa jambo hili hakubishana na mama yake. Pale alipolazwa mtoto alipanda miavuli, ikashika, ikawa kichaka kidogo ambacho hakikutulia hata upepo ulipokuwa umetulia. Baba siku ile alibaki mlangoni, mikono magotini, na nilimsikia akimwuliza bibi, “Hata kumwona mara ya mwisho?” Bibi akamjibu kwamba hayo si ya wanaume. Alikuwa mtu wa kunyamaza, baba yangu, na yaliyomuumiza aliyameza.

Kisha ukaja wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Lori lilifika asubuhi, na watu wakapakia walichoweza: magunia ya mahindi, vitanda vya kamba, kuku, jiwe la kusagia. Mama alikuwa haonekani. Alipotokea, alikuwa amejitwika debe, tope linamchuruzika shingoni, na ndani ya debe miavuli imesimama pamoja na udongo wake wa pale pale. Vijana wa lori wakaangua kicheko. “Mama, huko tuendako majani hayajaisha!” Baba ndiye aliyelipokea lile debe. Alimtazama mama usoni, akaelewa bila kuambiwa, akaliweka katikati ya magunia lisije likapinduka. Njia nzima alilikinga kwa mguu wake, na mimi niliyekaa karibu niliona kila lori liliporuka shimo jinsi alivyokuwa anashtuka.

Kijiji kipya kilikuwa kando ya barabara iendayo Mikumi, nyumba zimepangwa mistari, udongo mwekundu, miti imefyekwa yote. Sisemi kwamba kila kitu kilikuwa kibaya, na wanaosema hivyo mbele yangu huwa nawabishia. Shule ilikuwa hapo hapo, ndipo nilipojulia kusoma. Zahanati ilikuwa hapo hapo. Kwenye shamba la kijiji watu walilima wakiimba, na baba alichaguliwa mjumbe wa nyumba kumi, akaanza kutembea kifua mbele kidogo. Ila maji, jamani, maji hayakuwepo. Tuliambiwa bomba litakuja, tukaamini kwa moyo mweupe. Tukilisubiri hilo bomba, wanawake walikwenda korongoni, wakafukua mchanga kwa mikono, wakangoja maji yajikusanye kidogo kidogo, wakachota kwa kata hadi debe lijae. Debe moja lilikula asubuhi nzima.

Bibi mzaa mama alikuwa mfinyanzi, na mama, ingawa hakuirithi kazi ile, aliujua udongo. Nyuma ya nyumba alichimba shimo. Akaleta udongo wa kichuguu, akautwanga kinuni, akaupepeta, akaukanda kwa maji mpaka ukalainika, akaupaka ndani ya shimo, chini na pembeni, tabaka juu ya tabaka, akausugua kwa kokoto hadi ukang'aa. Ilikuwa kama chungu kikubwa kilichozikwa. Humo akatia ule udongo wa bondeni na miavuli yake, maana maji yakiingia humo hayakuwa na pa kupotelea. Juu akasawazisha vizuri, na tangu siku hiyo mpita njia hakuona kitu ila majani mabichi yaliyochomoza kwenye ardhi nyekundu. Baba alikuwa shambani siku hizo za kwanza, na alipoona miavuli imesimama hakuuliza imesimamaje.

Kila alfajiri, kabla baba hajaamka, mama alitoka na kata yake. Siku niliyomfuata aligeuka akanikuta nimesimama nyuma yake, macho yamenitoka. “Usinitazame hivyo, Debora,” akasema. “Ni maji yangu ya kuoga. Ya kunywa yenu sijayagusa.” Nikamwuliza, sasa wewe unaoga nini? Akaimimina ile kata polepole, tope likatoa harufu yake, ndipo akanijibu: “Mimi nimekwisha oga sana. Yeye hakuoga hata mara kumi.” Akanisihi nisimwambie mtu, kwa sababu katika kijiji chenye kiu mtu anayemwagilia majani atasemwa, na watakaomsema watakuwa na haki. Sikumwambia mtu. Lakini watu walisema tu, maana hawakosi la kusema. Mama alikuwa anajipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, basi, na vumbi la barabarani likamkaa kwenye viwiko na visigino. Nilisikia wanawake korongoni wakinong'ona kwamba Mama Debora tangu afiwe amejiachia, hata maji ya mwili hataki. Waliziba pua kwa mzaha alipopita. Nilitamani kuwarushia mchanga machoni, wote, na wengine walikuwa wanawake wazima walionipa uji nyumbani kwao.

Kiangazi cha mwaka uliofuata kilikuwa kikali. Korongo likakauka, tukawa tunafukua hadi mkono unaishia begani na bado ni mchanga mtupu. Wanawake wakaanza kwenda mbali zaidi, wakirudi mchana na nusu ya ndoo. Mama aliendelea na kata yake. Siku zingine iligeuka nusu kata, na siku hizo nilimwona akiacha chai yake bila kuinywa.

Asubuhi moja baba aliamka mapema kuliko kawaida, akazunguka nyuma ya nyumba. Mama alikuwa amekwisha toka kwenda kuchota. Nikamsikia baba anaita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: “Debora! Njoo, njoo uone!” Nilimkuta amepiga magoti. Kijiji kizima kilikuwa kimebadilika rangi, hata migomba ya Mwenyekiti wa kijiji ilikuwa imelala, lakini miavuli ilikuwa mibichi kabisa, imechipua na mashina mapya. Baba alikuwa ametia vidole chini ya mashina, vimetoka na tope. Alivinusa. Sasa lazima mtu ajue kwamba kwetu sisi watu wa bondeni mmea ule ulikuwa alama. Ukiwa porini na kiu imekukamata, ukiuona umesimama, unachimba hapo, na maji utayapata, haujamdanganya mtu tangu zamani. Baba alikuwa analia. “Ametuonyesha maji,” aliniambia. “Mdogo wako ametuonyesha maji.” Akaondoka mbio kwa Mwenyekiti, kandambili moja ikabaki pale pale.

Mama alirudi akakuta uwanja umejaa watu. Mwenyekiti, mtu mpole na mzito wa maneno, alikuwa ameinama anapapasa lile tope, akawapitishia wazee nao wanuse. Vigelegele vikapigwa. Wale wale waliokuwa wakiziba pua walimkumbatia mama, wakamwita mama wa kisima. Mimi nilimtazama yeye tu. Alifungua mdomo, akamwona baba katikati ya watu anacheka, meno yote nje, baba ambaye hakuwa amecheka tangu kule bondeni, na mdomo ukajifunga wenyewe.

Jioni, tulipokwisha kula, mama alimwambia baba. Mimi nilikuwa hapo hapo mekoni naosha sahani kwa majivu. Alimweleza yote, udongo wa kichuguu, kata ya alfajiri, maji ya kuoga. Baba alisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

“Kata moja, Mama Debora? Kata moja ishindane na jua hili? Sisi watu wazima tunakauka.”

“Kuna chungu chini, Baba Debora. Nimekifinyanga mwenyewe. Chini ya chungu hakuna kitu.”

Baba hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo. “Mlimzika bila mimi,” alisema. “Sikumwona, sikumshika. Leo amenijia mimi. Usimwondoe tena.” Mama akashika kichwa kwa mikono miwili. Baadaye alimwomba kitu kimoja tu, kwamba kesho miavuli iondolewe kwanza taratibu, na udongo wake. Baba akakubali.

Kesho yake haikuwezekana taratibu. Watu walikuja na majembe na sururu tangu jua halijapanda, shehe akaomba dua, mwalimu wa kanisa akaomba sala, na vijana wenye kiu si watu wa kuambiwa ngoja. Baba alipiga jembe la kwanza. La pili na la tatu yalikuwa ya wengine, na miavuli ikaruka huku na huko, mizizi juu. Mama alisimama kando, kanga ameibana kwa meno. Halafu sururu ikagonga kitu, kikavunjika kwa sauti nzito, unyevu kidogo ukatoka, ukanywewa na vumbi papo hapo. Chini yake ardhi ilikuwa kavu kama jivu. Wakachimba tena, hadi magotini, hadi kiunoni. Kavu. Jirani yetu Bi Mwajuma, mzee aliyewahi kufinyanga vyungu ujanani mwake, aliokota kipande cha ule udongo, akakipitishia kidole. “Huu umetwangwa,” alisema. “Huu ni mkono wa mtu.”

Kisha mtu mmoja akapiga ukelele: “Lo! Sisi tunafyonza mchanga, kumbe mwenzetu ananywesha majani!” Maneno yakamiminika, na sitayarudia yote kwa kuwa waliosema wengi wao wamekufa. Baba alikuwa bado ndani ya shimo, ameinamisha kichwa. Nilidhani mama atakimbilia ndani. Badala yake alisogea mbele ya wote, akapandisha mkono wa gauni lake, akajikuna kwa kucha kwenye kiwiko, na vumbi likadondoka. “Ni maji yangu,” alisema. “Niulizeni mara ya mwisho nimeoga lini.”

Wanawake walitazama chini. Bi Mwajuma akavua kanga yake ya juu, akamfunika mama mabegani, akamwongoza ndani, akimwita mwanangu, mwanangu. Mwenyekiti akawaambia watu waende makwao. Hakuna aliyemshtaki mama, hakuna aliyemvua baba ujumbe, na kwa hilo nawashukuru hadi leo. Lakini pia hakuna aliyerudi kuzungumza, kwa maana wangeanzia wapi?

Baba hakutoka shimoni. Watu walipoondoka aliendelea kuchimba, na kesho yake, na siku zilizofuata, kila akitoka shamba la kijiji. Alichimba hadi ikawa tunaona udongo unarushwa juu bila kumwona yeye. Mama alimpelekea chakula ukingoni, akakishusha kwa kamba. Mwisho alifika kwenye mwamba. Akapanda juu, akaketi ukingoni, akajipangusa mikono, na hakulizungumzia tena hadi alipokufa. Nilikuwa nikimwona akipita mbali na shimo lile hata alipokuwa na haraka. Wenzetu waliligeuza kuwa la taka.

Miavuli ilikaukia juu ya lile lundo la udongo siku ile ile. Kichwa kimoja tu kilikuwa bado na ubichi. Nilikichukua, nikamimina maji yangu ya kunywa kwenye kikombe cha bati, nikakipindua humo kama nilivyofundishwa, nikakificha chini ya kitanda changu. Mizizi ilichipua. Siku niliyoiona nilikimbia na kikombe hadi kwa mama, nikiwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena. Mama alikipokea. Alikitazama muda mrefu, akaigusa ile mizizi kwa ncha ya kidole. Kisha akakitoa kile kichwa, akakiweka chini, na akayanywa yale maji, yote, mbele yangu, huku machozi yanamtiririka. Akanirudishia kikombe. “Maji ni ya kunywa, Debora,” alisema. Tangu siku hiyo hakupanda hata ua moja.

Bomba lilikuja baadaye, nikiwa msichana mkubwa. Bondeni kwetu nilirudi mara moja nikiwa mtu mzima, nikakuta kijito kimehamia upande mwingine, na pale kilipopita mtu amelima mpunga, akanikaribisha vizuri wala hakujua ninatafuta nini. Mwaka jana kijana wangu alinipeleka Mikumi kwenye hoteli moja ya watalii, tukale chakula. Uani kuna bwawa la mapambo, samaki wekundu ndani, na pembeni miavuli imejaa tele. Mtunza bustani aliyekuwa na mpira wa maji alikuwa anainyunyizia, na maji mengine yanaishia kwenye mawe. “Shikamoo, bibi,” alisema. “Marahaba,” nikamjibu. Akaniona nimeganda, akadhani nimeipenda. “Nikukatie kichwa ukapande? Unakipindua tu chini juu.” Nilimshukuru, nikamwambia nyumbani sina mahali.

Na mahali ninapo, ua mzima, hapa Mabwerebwere, na bomba linalomwaga maji nikilifungua. Mama ninaye mimi. Amezeeka sana, majina ya wajukuu yanampotea, na treni ya umeme ikipita huuliza kama ni lori la kutuhamisha. Kila asubuhi namwekea ndoo ya maji vuguvugu bafuni, na kila asubuhi anaoga nusu. Namwambia, mama, oga yote, maji siku hizi yapo. Anatikisa kichwa kwa adabu, kana kwamba mimi ndiye mgeni nisiyejua taratibu za nyumba. “Hayo si yangu,” husema. “Mpelekee.” Sina pa kuyapeleka. Nikishamvika na kumketisha barazani, naichukua ile nusu ndoo, naizungusha nyuma ya nyumba asikoweza kuona, nayamwaga. Harufu ile inapanda, na mimi nasimama pale naivuta. Yanazama mara moja, kwa sababu ardhi ya kwangu haina chungu chini yake.